Waigizaji wa filamu ya jikoni wajifunze kupika kiasi gani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni vijana wanane wa kikundi cha maigizo hapa Mikindani, Mtwara. Tumeangalia Chef, ile filamu ya Kimarekani ya mpishi anayeacha kazi mgahawani na kwenda kuuza mikate kwenye gari. Tulicheka sana, na njaa ikatushika. Tukaandika ya kwetu ya dakika 12: mama ntilie na mdogo wake wanagombea wateja na jirani aliyefungua banda la chipsi. Tumepiga sini moja ya jikoni kwa simu mbili na taa moja, ile ambayo jirani anakuja kumtambia mama ntilie akiwa anapika, lakini haikutoka vizuri, kama unavyoona kwenye kipande tulichokutumia. Pweza anaonekana kama raba ya ndala, mvuke hauonekani kabisa, mwigizaji wetu mkuu anakata kitunguu kama mgeni wa jiko, na maneno yamemezwa na kelele za mafuta. Wenzetu waliwezaje? Ni kwa kuwa wana mastaa? Sisi turekebishe nini kabla ya kurudia?

Jibu: Marahaba. Nianze na mastaa ili tulimalize hilo. Scarlett Johansson, Dustin Hoffman na Robert Downey Jr. wamo kweli kwenye Chef (2014), lakini kila mmoja anaonekana kwa muda mfupi tu. Filamu inabebwa na Jon Favreau, ambaye ndiye aliyeiandika, akaiongoza na kumwigiza mpishi Carl. Wanaomsaidia kuibeba ni John Leguizamo kama Martin, msaidizi wake, na mtoto Emjay Anthony kama Percy, mwanawe. Irudieni sehemu ya ndani ya gari mkiwa mmezima sauti. Tazameni Favreau na Leguizamo wanavyopokezana vitu bila kuangaliana usoni. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake ameshampa anachotaka. Hilo haliandikwi kwenye skripti, linatokana na mazoezi.

Na mazoezi yenyewe yanajulikana. Favreau alimwomba Roy Choi, mpishi wa Los Angeles aliyepata jina kwa gari la chakula la Kogi lililoanza 2008, awe mshauri wake. Choi akampeleka kwanza shule ya upishi wa Kifaransa kwa wiki moja, kisha akamwingiza kwenye majiko yake kufanya kazi za chini: kumenya, kukatakata, kuandaa. Majina yakianza kupita mwishoni msiizime. Kuna kipande kifupi ambapo Choi amesimama ubavuni mwa Favreau akimwelekeza kukaanga mkate wa jibini. Kwangu mimi kipande hicho kinaieleza filamu nzima vizuri kuliko uchambuzi wowote.

Si kwamba haina kasoro. Nusu ya pili imelegea. Tangu gari liondoke Miami, lipite New Orleans na Austin hadi Los Angeles, karibu kila jambo linawanyookea. Mtazamaji habanduki kwa sababu mikono ya watu ina kazi muda wote. Vichekesho navyo vinatoka hapohapo: Carl akiwa jikoni hajaribu kumchekesha mtu. Anapomfokea mhakiki wa chakula kuhusu ile keki ya chokoleti, anaitetea kwa uchungu wa kweli, na ndiyo maana unacheka. Kwenye Julie & Julia (2009) Meryl Streep anafanya hivyohivyo na rundo la vitunguu. Anaigiza mwanafunzi wa upishi aliyezidiwa na wenzake darasani, kisha anajifungia nyumbani kukata vitunguu mpaka mezani panasimama mlima. Hachezi na macho, hachekicheki. Anakata tu, kwa bidii isiyo na kipimo. Marehemu Mzee Majuto aliijua siri hiyo vizuri kuliko wengi: anayechekesha ni yule anayelichukulia jambo dogo kwa uzito mkubwa.

Sasa tuje kwenu. Tatizo la kwanza ni mikono, taa inafuata baadaye sana. Nahisi dada yenu mkuu amejifunza kukata kitunguu kwa video za wapishi wa mahoteli: ubao, kisu kirefu, vidole vimekunjwa. Ni ufundi mzuri, ila si wa mama ntilie. Mama ntilie wa Mikindani anashika kitunguu kiganjani, anatumia kisu kidogo, anachanja mistari ya kwenda chini, anageuza kidogo, anachanja ya kukatiza, halafu anakatia vipande moja kwa moja ndani ya sufuria huku macho yako kwa mteja. Mtazamaji wa Mtwara au Lindi akiona ubao na kisu cha hoteli kwenye banda la makuti, hatasema kosa ni nini, lakini hatamwamini mwigizaji tena.

Kwa hiyo mpelekeni kwa mama ntilie halisi, si kwa mpishi wa hoteli. Siku kumi, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, afanye kazi anazopewa. Kila siku akate angalau kilo moja ya vitunguu. Havitapotea, vinaingia kwenye chakula cha biashara. Siku tatu za kwanza asiseme maneno ya skripti kabisa. Kuanzia siku ya nne ayaseme akiwa anakata, na hapo mtaona mikono inasimama kila anapokumbuka neno. Zoezi liendelee mpaka isisimame. Kisu kiwe kikali. Butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu mtu anakisukuma kwa nguvu, kinateleza kwenye ganda na kuishia kwenye kidole gumba. Kikali kinavutwa tu.

Yule wa chipsi mpeni mikono tofauti: ubao, viazi vya kukatwa sawasawa, karai la mafuta, kijiko cha matundu anachokikung'uta mara mbili ukingoni kabla ya kumimina. Mtazamaji awatofautishe hata akiona vidole tu.

Kipimo kikubwa zaidi kwa mwigizaji wa huku kwetu ni nazi. Kukaa kwenye mbuzi na kukuna hakuigizwi, na watu wa pwani hawadanganyiki hapo. Anayejua anaanza ukingoni mwa kifuu na kuingia ndani taratibu, mkono unazungusha nazi kidogo baada ya kila mkuno, na anaacha kabla meno hayajafika kwenye ngozi ya kahawia, maana ikiingia tui linapata rangi ya kijivu. Asiyejua anaanza katikati, anachimba shimo, nazi inamponyoka na vidole vinakutana na meno ya mbuzi. Kama dada hataweza baada ya wiki, msimlazimishe. Pigeni uso wake akiwa amekaa kwenye mbuzi, kisha mikono ya karibu iwe ya mama aliyezoea. Angalieni mambo manne tu: bangili zilezile, kucha zilezile, mkono wa nguo uleule, na hina kama ipo. Hina ndiyo inayosahauliwa.

Nikishataja nazi, hapo ndipo penye utajiri wa sini yenu, na sidhani kama mmeuona. Mmeniambia jirani wa chipsi anakuja kumtambia mama ntilie akiwa anapika. Anapika nini wakati huo? Kama anakoroga chochote tu, atageuka, atabishana, na sini itakuwa watu wawili wanapiga kelele. Mpeni tui zito. Tui zito halitaki kuachwa. Mafuta ya nazi yamo ndani ya maji kama matone madogo yaliyozuiwa na protini; moto ukizidi, protini inaganda, matone yanakutana, mafuta yanaelea juu na chini panabaki maji yenye chengachenga. Tui limekatika, na kulirudisha ni kazi bure. Kwa hiyo anayelipika lazima aendelee kuchota na kumimina kwa upawa, moto mdogo, mpaka lichemke taratibu na kushikana, dakika tano hadi nane. Ndani ya dakika hizo jirani atukane, mdogo mtu aulize chumvi iko wapi, simu iite, mteja adai chenji, na yeye asiweze kumgeukia hata mmoja. Atajibu matusi akilitazama tui. Hapo hahitaji kukunja uso ili watu wacheke.

Vipimo kwa sufuria ya kuonekana kwenye picha: nazi mbili za wastani, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja kwa tui la kwanza, vikombe viwili kwa tui la pili. La pili, lile jepesi, ndilo linalochemshia pweza pamoja na kitunguu, nyanya na bizari. La kwanza linaingia mwisho. Limau au ndimu ikamuliwe baada ya sufuria kushuka motoni, kwa kuwa ukali nao unalikata tui.

Shida ni kwamba mtarudia sini hiyo mara sita au nane, na hakuna tui linalovumilia teki nane. Hapa mna bahati ya kuwa Mtwara. Chukueni robo kilo ya korosho zilizobanguliwa, vipande vinatosha na ni bei nafuu kuliko nzima, mziloweke kwenye maji ya moto kwa saa moja, mzisage laini na vikombe vitatu vya maji. Korosho ina wanga, kwa hiyo mchuzi wake unashikana ukipata moto badala ya kukatika. Ukizidi kuwa mzito, ongezeni maji ya moto vijiko vichache. Bizari ikiwa sawa kwenye sufuria zote mbili, kamera haitofautishi. Kasoro yake ni kushika chini upesi, kwa hiyo mwiko usitulie. Tui halisi liwekeni kwa picha mbili za karibu: pale linapomiminwa na pale linapoanza kutokota.

Tahadhari moja kuhusu korosho. Ikiwa mtataka kuonyesha ubanguaji, msitumie korosho mbichi zenye maganda mikononi mwa waigizaji. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na moshi wake zikichomwa unawasha macho na koo. Tumieni maganda matupu, makavu, yaliyokwisha kuchomwa, na korosho safi zikae tayari kwenye ungo. Mwigizaji apige nyundo, picha ikatwe.

Sasa pweza. Anakuwa mgumu kwa sababu mmempa muda usiomfaa. Nyama yake ina utando mwingi ambao mwanzoni mwa moto unajikaza na kukamua maji, halafu ukipikwa polepole kwa muda mrefu unayeyuka na kulainika. Nyinyi mmemtoa katikati, wakati amekwisha kujikaza na hajayeyuka. Nadhani pia mlimchemsha kwa moto mkali, maana ngozi imechunika na rangi ya zambarau imeondoka, akabaki mweupe mwenye mabaka. Fanyeni hivi: mpigeni kama ilivyo desturi, au kama mna jokofu mgandisheni usiku mzima, kwani barafu inapasua nyuzi kama kipigo kinavyofanya. Mtieni kwenye maji yanayotokota kwa mbali, bila chumvi nyingi. Wa kilo moja hadi kilo na nusu anataka kati ya dakika 45 na saa moja na robo. Mchomeni kwa ncha ya kisu pale mkono unapoungana na kichwa, kisu kikipita bila kuvutana ameiva. Kisha, na hili msiliruke, mwacheni apoe ndani ya maji yake. Akitolewa moto ngozi inashika vidole na kubanduka.

Atapungua karibu nusu. Kwa hiyo mnunue wawili: mmoja wa kuonekana mzima, mmoja wa kukatwa na kuliwa. Yule wa kuonekana mpakeni mafuta kidogo kwa brashi au kidole dakika moja kabla ya kamera kuwaka. Chini ya jua la Mikindani ngozi inakauka na kufifia upesi. Mkimpaka mapema, vumbi na majivu ya mkaa vitamganda.

Wali uepuliwe ukiwa bado na kiini kidogo sana, la sivyo kwenye picha unakuwa bonge. Kisamvu ni kigumu kupendezesha: kikiiva kinakuwa cha kijani kilichokoza hadi cheusi. Msijaribu kukitoa kikiwa kibichi ili rangi ibaki. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, na mwigizaji anayerudia kula mara nane si wa kufanyiwa majaribio. Pikeni kisamvu kama kawaida, kiive barabara, na rangi itafutwe kwa kitu cha pembeni: pilipili mbuzi nyekundu, kipande cha ndimu, jani la mgomba chini ya bakuli.

Mvuke mliukosa kwa sababu mbili. Kwanza mlipiga mchana. Hewa ya moto inabeba unyevu mwingi, kwa hiyo matone ya mvuke yanapotea kabla hayajaonekana. Asubuhi ya Juni hadi Agosti, joto likiwa karibu nyuzi 20, sufuria ileile inatoa mvuke wa kutosha. Pili, taa yenu iliwekwa mbele. Mvuke ukimulikwa kutoka mbele hauonekani. Umulikwe kutoka nyuma ya sufuria, kwa upande kidogo, na ukuta wa nyuma uwe mweusi. Nyumba za zamani za Mikindani, zile za mawe ya matumbawe zenye kuta nene na madirisha machache, ni studio tayari. Fungueni mlango mmoja, sufuria ikae kati ya mlango na kamera, mlango wenyewe usiingie kwenye picha. Mbele ya sufuria, upande wa kamera, mtu ashike shuka jeupe kurudisha mwanga kwenye chakula. Taa yenu moja izimwe kabisa. Mwanga wa mlangoni una ubluu, wa balbu nyingi una umanjano, na vikichanganyika pweza anaonekana kama aliyelala siku mbili.

Kama sahani imeshapoa, lowesheni sponji kwenye maji yanayochemka, muifiche nyuma ya sahani. Inatoa mvuke kwa muda mfupi, unaotosha picha ya karibu. Msichome udi. Moshi wa udi una rangi ya samawati na unabaki hewani ukizunguka, wakati mvuke unapanda na kupotea. Watu wanaona tofauti bila kujua wanaona nini.

Kwenye simu, fungeni vitu vitatu visijibadilishe vyenyewe kabla ya kila teki: mwangaza, fokasi na rangi. Visipofungwa, upawa mweupe ukiingia kwenye fremu picha nzima inagiza, ukitoka inang'aa. Mkiwa na programu ya kupangia mwenyewe, tumieni picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) ya sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na shata zisizolingana nao zinaleta mawimbi ya kumetameta chini ya taa. Simu iliyokuwa kwenye chumba chenye kiyoyozi itolewe nje dakika 20 kabla, vinginevyo kioo kinapata ukungu. Kila mnapokaanga, kioo kifutwe kila teki. Tone la mafuta halionekani kwenye skrini ndogo, linaonekana vizuri siku ya kuonyesha.

Kelele za mafuta zina dawa rahisi, na inashangaza wachache wanavyoitumia. Sini yenye maneno pigeni sufuria ikiwa kavu na jiko halina moto. Mwigizaji akoroge vitunguu vilivyokwisha kukaangwa, aseme maneno yake. Hapohapo jikoni, baada ya kumaliza picha, washeni moto na mrekodi sauti peke yake: mafuta yakipokea kitunguu, upawa ukigonga ukingo, nazi ikikunwa, kinu kikitwangwa. Simu iwe karibu, sentimita 20 hivi, kwa upande si juu, ikifunikwa na kitambaa chepesi. Kila sauti dakika moja. Rekodini pia nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho, bila mtu kuongea. Itaziba mianya mkianza kuediti. Kwenye kuediti, sauti ya mafuta ishuke mtu anapoanza kusema na ipande anaponyamaza. Kitunguu kibichi kinapoingia mafuta ya moto sauti ni kali na ya juu, kikianza kugeuka rangi inatulia. Msiweke sauti ya mwanzo kwenye picha ya kitunguu cha kahawia. Na kama mnapiga nje miezi ya kusi, upepo utaingia kwenye kila neno. Banda likingwe kwa turubai upande unakotoka upepo. Upepo huohuo unachochea mkaa na kulikata tui lenu, kwa hiyo turubai lina kazi mbili.

Mwendelezo ndio unaowaua wengi. Chakula hakikai kikisubiri: kitunguu kinabadilika, mkaa unafifia, sahani inapungua. Andaeni kitunguu katika bakuli nne kabla ya siku ya kazi: kibichi, kilicholainika, cha dhahabu, kilichoungua. Sini ikirudi nyuma, mnarudisha bakuli, si wakati. Picha za moto wenyewe pigeni kwanza, mkaa ukiwa mwekundu. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kupiga picha ya meza kabla ya kila teki na kuandika mwigizaji alishika upawa kwa mkono upi.

Hesabu ya sahani ni hii: pembe za kamera mara idadi ya teki. Mlaji akipigwa pembe tatu, teki nne kila moja, ni sahani 12. Msijaze sahani, kiganja cha wali, vipande vitatu vya pweza, basi. Mwigizaji ale tonge dogo pale tu kamera inapomwona mdomo, na awe na ndoo ya kutemea pembeni akishashiba. Teki ya tisa ya mtu aliyeshiba haina uroho, na uroho hauigiziki kwa urahisi. Kwa siku moja ya sini hiyo, nendeni sokoni na orodha hii: pweza kilo tatu, nazi nane, korosho nusu kilo, mchele kilo mbili, vitunguu kilo mbili, nyanya kilo moja, ndimu sita. Kilichokaa wazi zaidi ya saa mbili kwenye joto kisiliwe na mtu, hata kama bado kinapendeza. Chakula chenye tui huchacha upesi.

Kwa mama ntilie na mdogo wake, kabla ya siku ya kupiga, fanyeni zoezi la kupokezana. Wapewe eneo la mita mbili kwa mbili, jiko, sufuria mbili, vyombo kumi. Wapike wali na mchuzi kwa vitendo halisi, sharti la kwanza la zoezi likiwa hili: hakuna kuangaliana, hakuna kuomba kitu kwa jina. Siku ya kwanza watagongana na kumwagiana maji. Wiki moja baadaye mdogo mtu atajua dada anataka chumvi kwa namna anavyogeuza kiganja. Mkishafika hapo, andikeni upya maneno ya sini, maana mtagundua nusu yake hayahitajiki. Kisha wekeni kicheko pale utaratibu unapovunjika: siku ya ugomvi, dada ananyoosha mkono na hakuna anayeweka kitu.

Kama kuna mtoto mdogo kwenye hadithi, asishike kisu halisi wala asikae upande ambao mpini wa karai umeelekea. Mafuta ya moto yasiwepo kabisa kwenye teki yenye mtoto. Maji yenye bizari kidogo yanatosha kwa picha ya mbali.

Makaratasi ni machache ila yafanyike mapema. Kupiga filamu ya kuonyeshwa hadharani kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa. Kama mtapiga sokoni, ongeeni na uongozi wa soko, na wauzaji watakaoonekana usoni muwaombe ridhaa kwa maandishi. Muziki wa msanii mwingine unahitaji ruhusa yake. Kwa dakika 12, mpiga ngoma mmoja wa hapo Mikindani akirekodiwa vizuri atawatosha, na haki mtakubaliana naye kwa karatasi moja.

Mliuliza pia, kwenye ujumbe wenu wa pili, kama pweza abadilishwe kuwa kuku kwa sababu kuku ni rahisi kupiga picha. Ni rahisi kweli: hapungui sana, ngozi inashika rangi, na akipoa anavumilia. Lakini mshindani wenu anauza chipsi, na chipsi huenda na kuku. Mkimpa mama ntilie kuku, mmempa silaha ya adui yake. Mwacheni na pweza.